Sonona Katika Ujauzito: Uteuzi na Uvumilivu wa Dawa kwa Mja Mzito wa Kiritiri

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhimiza mwenye shida asione haya kuieleza, lakini katika mada yetu inasimama kwa maana yake ya wazi kabisa. Mja mzito afikapo kliniki hukubali kupimwa tumbo, damu na mkojo bila kusita. Upo, hata hivyo, ugonjwa mmoja ambao huuficha hata mbele ya mkunga anayemwamini. Ugonjwa huo ni sonona. Huuficha kwa kuwa hana jina la kuuita, na pia kwa kuwa anahofia jina ambalo yeye mwenyewe atapewa na wengine.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi dawa za sonona zinavyoteuliwa na zinavyovumiliwa wakati wa ujauzito. Tumeuchukua mji wa Kiritiri, makao makuu ya Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, uwe kituo cha mjadala wetu. Hoja yetu ni mbili. Kwanza, mja mzito mwenye sonona hachagui kati ya dawa na usalama. Huchagua kati ya hatari mbili. Pili, lugha ndiyo mizani ya kuzipimia hatari hizo, na mizani ikiwa mbovu uchaguzi nao huwa mbovu. Ifahamike tangu mwanzo kwamba maelezo haya hayachukui nafasi ya ushauri wa mhudumu wa afya anayemjua mgonjwa mwenyewe.

Kiritiri na mazingira yake

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Mbeere Kusini ilikuwa na wakazi 163,476. Ni eneo la nyanda za chini, lenye joto na mvua haba, linaloteremkia Mto Tana na bwawa la Kiambere. Wakazi hulima mtama, mawele, pojo na kunde, na katika miongo ya karibuni muguka umekuwa zao la fedha la nyumba nyingi. Mvua ikikosa au bei ya muguka ikianguka, mzigo huingia nyumbani. Mwanamke aliye na mimba ya miezi saba huendelea kuteka maji, kulima na kupika kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Mwanamke huyo akiugua, anayemhudumia kwa kawaida ni muuguzi au afisa wa kliniki. Madaktari bingwa wa maradhi ya akili ni wachache nchini na aghalabu hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa mijini. Mnamo mwaka 2020, jopokazi la taifa kuhusu afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Pendekezo hilo ni zito, lakini halimwondolei muuguzi wa mashambani swali lililo mbele yake: amwambie nini mama huyu leo, na amwambie kwa lugha ipi?

Tatizo la istilahi

Kiswahili hakijakosa maneno ya kuutajia ugonjwa huu. Kinayo mengi mno, na kila moja linavuta upande wake. Nchini Tanzania neno lililoenea ni *sonona*, lenye shina moja na *sononeka*, yaani kuumia moyoni. Nchini Kenya twasikia *unyogovu*, *mfadhaiko* na *msongo wa mawazo*. Msongo unatokana na kusonga, yaani kubana, nao unafaa zaidi kueleza hali ya mtu aliyelemewa na mambo. Mfadhaiko unatokana na kufadhaika, hali ya kuhangaika na kutatizika, na kwa hiyo unakaribiana na wasiwasi kuliko huzuni. Makala haya yametumia *sonona* kwa sababu ndilo neno linalobeba maumivu ya ndani yasiyoonekana. Hata hivyo, nalo lina upungufu: linataja moyo na kuusahau mwili, hali ugonjwa wenyewe huondoa usingizi, hamu ya chakula na nguvu za viungo.

Watafiti wa nchi jirani wamewahi kulikabili tatizo hili. Katika utafiti uliofanywa kusini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2003, watafiti waliwauliza kwanza wanavijiji huzuni inayolemaza huitwaje kwao. Walipata maneno mawili ya Kiganda: *okwekyawa*, yaani kujichukia, na *okwekubagiza*, yaani kujihurumia. Ndipo wakaandaa tiba ya mazungumzo katika vikundi, nayo ikaleta nafuu kubwa. Nchini Zimbabwe, mradi wa mabenchi ya urafiki ulioasisiwa na Dkt. Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwatumia akina nyanya waliofunzwa kusikiliza, nao ulilitumia neno la Kishona *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Twaona basi kwamba tiba iliingia kwa mlango wa lugha ya watu.

Kiritiri ina ugumu wa ziada. Maelezo ndani ya kijisanduku cha dawa yameandikwa kwa Kiingereza. Muuguzi huyaeleza kwa Kiswahili. Mama hufika nyumbani na kumweleza mumewe na mama mkwe kwa Kimbeere. Katika safari hiyo ya lugha tatu, neno "sonona" laweza kugeuka "wazimu", na kidonge chake kikaitwa "dawa ya Mathari", kwa jina la hospitali ya Nairobi ambalo kwa wengi limekuwa tusi. Mama anayesikia hivyo hukitupa kidonge hicho hata kabla hajaujua utamu au uchungu wake.

Sonona huonekanaje kwa mja mzito?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wajawazito wapatao 16 katika kila 100, na wazazi wapya wapatao 20 katika kila 100, hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona. Ugumu wa kuutambua hutokana na kwamba dalili zake hufanana na za mimba yenyewe. Uchovu, kukosa usingizi na kubadilika kwa hamu ya chakula ni mambo ya kawaida kwa mjamzito. Kinachotenganisha ni muda na kina. Huzuni au kutofurahia jambo lolote kunakodumu takriban siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Kujilaumu bila sababu. Kushindwa kufanya shughuli za kila siku. Na fikra za kifo: hizi si dalili za mimba. Mwenye kovu usidhani kapoa, na anayecheka sokoni Jumamosi si lazima awe mzima.

Mizani ya hatari mbili

Wengi hudhani kwamba njia salama kwa mja mzito ni kutomeza chochote. Dhana hii ina upande mmoja tu wa mizani. Sonona isiyotibiwa ina madhara yake: mama hukosa kula vyema, huacha kliniki, na uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati au kupata mtoto mwenye uzito mdogo huongezeka. Baada ya kujifungua ugonjwa waweza kuzidi na kudhoofisha malezi ya mtoto. Unapokuwa mkali kabisa, mama huweza kuyatoa maisha yake.

Aliyekuwa akitumia dawa kabla ya kushika mimba yumo katika hatari ya pekee. Pindi ajuapo kuwa ni mjamzito, huziacha siku hiyo hiyo kwa kumpenda mtoto wake. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wajawazito 201 waliowahi kuugua sonona. Miongoni mwa walioacha dawa, ugonjwa uliwarudia 68 katika kila 100. Miongoni mwa walioendelea nazo, uliwarudia 26 katika kila 100. Wanawake hao walikuwa wagonjwa wa kliniki za mabingwa, kwa hiyo tarakimu hizo haziwahusu waja wazito wote. Hata hivyo, zatosha kuonyesha kwamba kuacha dawa ghafla nako ni uamuzi wenye gharama.

Tuutazame sasa upande wa dawa. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, wapatao watatu huwa na kasoro kubwa ya kimaumbile hata kama mama hakumeza dawa yoyote. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha wajawazito karibu 950,000 nchini Marekani, haukuona ongezeko kubwa la kasoro za moyo lililosababishwa na dawa za sonona. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti kuhusu tatizo adimu la shinikizo la damu katika mapafu ya mtoto mchanga. Tatizo hilo liliwapata watoto wapatao 21 katika kila 10,000 ambao mama zao hawakutumia dawa, na wapatao 32 katika kila 10,000 ambao mama zao walitumia dawa za kundi la fluoksetini mwishoni mwa mimba. Maradhi mengine ya mama yalipozingatiwa, tofauti hiyo ilizidi kupungua.

Hapa mwanafunzi wa lugha na atue. Tarakimu hizo zaweza kutamkwa kwa namna mbili. Mtu akisema "hatari huongezeka kwa nusu", mama atatoka mbio. Akisema "katika watoto elfu kumi, kumi na mmoja zaidi", mama atatulia na kufikiri. Ukweli ni ule ule, ila sentensi ya kwanza imeficha kipimo. Fauka ya hayo, neno letu *hatari* hubeba maana mbili: uwezekano wa jambo baya kutokea, na jambo baya lenyewe. Mkunga asemaye "dawa hii ina hatari" anakusudia maana ya kwanza; mama husikia ya pili. Ni afadhali kusema "uwezekano" na kutaja idadi ya watoto.

Hiyo ndiyo sababu ya kuitumia methali isemayo heri nusu shari kuliko shari kamili. Shari ipo pande zote mbili. Kazi ya mama na mhudumu wake ni kuipima.

Uteuzi wa dawa

Swali la kwanza katika uteuzi ni iwapo dawa inahitajika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unapendekeza kwamba mja mzito aanze na tiba ya mazungumzo pale inapowezekana. Asipopata nafuu, dawa huzingatiwa kwa uangalifu, kwa kipimo kidogo kinachofaa, na kwa kushauriana na bingwa akipatikana. Tiba ya mazungumzo si porojo. Katika maeneo ya mashambani nchini Pakistani, wahudumu wa afya wa vijijini walifunzwa kuwatembelea waja wazito wenye sonona. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, miezi sita baada ya kujifungua ni akina mama 23 katika kila 100 waliokuwa bado wanaugua, ilhali miongoni mwa waliotembelewa bila tiba hiyo walikuwa 53. Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 mwaka 2023. Mafunzo ya namna hiyo yanaweza kupitia kwao.

Ikiwa sonona ni kali, au mama aliwahi kupona kwa dawa na kuugua tena alipoiacha, dawa huwa na nafasi yake. Kanuni kuu ni kwamba dawa iliyomfaa mama zamani kwa kawaida hutangulia dawa mpya. Kumbadilishia mama dawa iliyomponya ni kumweka mtoto tumboni penye dawa mbili badala ya moja, na pengine penye ugonjwa pia.

Dawa mbili ambazo zimekuwamo kwa muda mrefu katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ni amitriptilini na fluoksetini. Amitriptilini ni ya zamani na bei yake ni nafuu. Husaidia kuleta usingizi, lakini hukausha kinywa, hufunga choo na huleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Kwa mja mzito ambaye tayari choo kimemfunga, hilo si jambo dogo. Zaidi ya hayo, vidonge vingi vikimezwa kwa pamoja huweza kuua, hivyo mama mwenye fikra za kujidhuru asipewe akiba ya miezi. Fluoksetini ina usalama zaidi kwa upande huo, ila hukaa mwilini muda mrefu na huingia katika maziwa ya mama kwa kiasi kikubwa kuliko nyingine za kundi lake. Setralini, pale inapopatikana, hupendelewa na wataalamu wengi kwa sababu huingia kidogo sana katika maziwa. Paroksetini kwa kawaida haianzishwi wakati wa ujauzito kutokana na tahadhari zilizotolewa mwaka 2005 kuhusu moyo wa mtoto.

Kabla ya kuandika dawa yoyote, mhudumu hana budi kuuliza maswali matatu. Je, mama amewahi kupitia kipindi cha uchangamfu uliopita kiasi, asilale na asichoke? Ikiwa ndivyo, dawa ya sonona peke yake yaweza kuurudisha wazimu huo, naye anahitaji bingwa. Je, anameza dawa nyingine? Dawa ya malaria yenye lumefantrini, kwa mfano, haipatani vyema na amitriptilini. Je, anatafuna muguka? Muguka huondoa usingizi na hamu ya chakula, mambo yale yale ambayo tiba inajaribu kuyarudisha.

Kuvumilia dawa: maudhi, athari na madhara

Tumefikia neno la pili katika mada yetu. Jamii zetu husifu uvumilivu. Mvumilivu hula mbivu. Lakini sifa hiyo imeelekezwa pasipostahili. Mja mzito huambiwa auvumilie ugonjwa, kisha akihisi kichefuchefu siku ya pili ya dawa huambiwa aiache. Ingefaa iwe kinyume.

Kiswahili chenyewe kinatupa ngazi tatu za kusaidia. *Athari* ni lolote linalosababishwa na dawa, jema au baya. *Maudhi* ni yale yanayokera bila kudhuru. Watoa huduma wa Tanzania wamezoea kusema "maudhi madogo madogo". *Madhara* ni yale yanayoumiza kweli. Muuguzi akiyachanganya haya matatu na kuyaita yote madhara, mama hataweza kujua avumilie lipi na akimbilie hospitali kwa lipi.

Maudhi ya fluoksetini na setralini ni kichefuchefu, kuumwa kichwa, kuhara na kutotulia. Mengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Husaidia kumeza kidonge baada ya kula, na kukimeza asubuhi kikiwa kinaondoa usingizi. Amitriptilini humezwa usiku. Mama aelezwe pia jambo ambalo wengi hawaambiwi: maudhi hutangulia na nafuu hufuata. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, pengine sita. Asiyejua hivyo huacha dawa wiki ya pili, akiwa ameshalipa gharama yote bila kupata faida yoyote.

Madhara hayavumiliwi. Fikra za kujiua zinazoanza au kuzidi, hasa kwa walio chini ya miaka 25 katika wiki za kwanza. Uchangamfu wa ghafla usio wa kawaida. Homa pamoja na kutetemeka, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa. Upele unaoenea au uso kuvimba: haya yote yanahitaji kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vilevile dawa haiachwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya mhudumu.

Miezi ya mwisho ina mambo yake. Damu ya mama huongezeka na mwili huziondoa baadhi ya dawa kwa kasi, hivyo kipimo kilichotosha mwanzoni chaweza kupungukiwa. Baadhi ya watoto, pengine hadi watatu katika kila kumi, huzaliwa wakiwa na mtetemo, kilio kingi au ugumu wa kunyonya. Hali hiyo kwa kawaida hutulia katika siku chache hadi wiki mbili. Dawa hizi pia huweza kuongeza kidogo kutokwa na damu baada ya kujifungua. Kwa hiyo mama ajifungulie kituoni na kumweleza mkunga kuhusu dawa yake.

Mfano wa mazungumzo

Yafuatayo ni mazungumzo ya kubuni, ila yamejengwa juu ya kanuni tulizozieleza.

Muuguzi: Mama, usingizi wakujia vyema siku hizi?
Mama: Haunijii, sista. Nalala saa tatu, saa nane niko macho mpaka jogoo awike.
Muuguzi: Na ukiwa macho, moyoni mna nini?
Mama: Mawazo tu. Naona mtoto huyu atakuja amkute mama asiyefaa.
Muuguzi: Umewahi kuwaza kwamba ni heri usingekuwapo?
Mama: (Kimya.) Mara mbili.
Muuguzi: Ahsante kwa kuniambia. Huo si wazimu, mama, wala si laana. Ni ugonjwa, unaitwa sonona, na una tiba. Leo hutaondoka hapa peke yako na hayo mawazo.

Tazama mpangilio wake. Muuguzi hakuanza na jina la ugonjwa. Alianza na usingizi, jambo lisilo na aibu, akafika moyoni, kisha akauliza wazi kuhusu kifo. Kuuliza hivyo hakumtii mtu fikra mpya, humfungulia mlango. Jina lilikuja mwisho, likiwa limeshikana na neno "tiba".

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kisomo. Sheria imetoa haki, haikutoa maneno. Maneno ni kazi yetu. Mwanafunzi anayetafsiri hadithi kutoka Kiingereza aweza pia kutafsiri karatasi ya maelezo ya fluoksetini kwa kushirikiana na wanafunzi wa uuguzi. Anayetafuta mada ya tasnifu aweza kurudi kijijini kwao, iwe Mbeere, Tharaka au Meru, akakusanya misemo ambayo akina mama huitumia kueleza huzuni. Wahadhiri wetu nao waweza kusuluhisha mvutano wa sonona na unyogovu ili muuguzi wa Kenya na wa Tanzania wasome mwongozo mmoja.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba mja mzito mwenye sonona huchagua kati ya hatari mbili, kwamba tiba ya mazungumzo hutangulia pale inapotosha, kwamba dawa iliyomfaa mama haiachwi kwa pupa, na kwamba maudhi huvumiliwa ilhali madhara huripotiwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mja mzito aonwe na mhudumu angalau mara nane. Hizo ni nafasi nane za kumuuliza mama wa Kiritiri swali moja kuhusu usingizi wake, na la pili kuhusu moyo wake. Maswali hayo hayahitaji mashine wala dawa. Yanahitaji lugha ambayo mama huyo ataweza kujibu kwayo.